Miguu ya Bwana Usijisumbue

Jina lake halisi lilikuwa kwenye cheti cha ubatizo, cheti kilikuwa chini ya godoro, na huko ndiko jina lilikobaki. Mtaa mzima ulimwita Usijisumbue. Ukimletea kiti: usijisumbue, nitasimama. Ukimkaribisha chai: usijisumbue, nimeshakunywa, na hapo tumbo lake linanguruma hadi wewe unaona aibu kwa niaba yake. Alikuwa dobi. Alikuwa na chumba cha kufulia uani na chumba cha kupigia pasi upande wa barabara, na kati ya vyumba hivyo viwili alikuwapo mke wake, ambaye katika ndoa yao yote hakuwahi kumwandalia mumewe chakula akaambiwa ni kitamu. Aliambiwa, "Ungepumzika tu, mama."

Alikuwa mtu mwema, na hilo lisemwe mapema kabla hatujaanza kumcheka. Shati likija limepungukiwa kifungo, aliweka kifungo na hakutaja. Wafiwa aliwafulia bure. Choo cha kanisa alikisafisha yeye, asubuhi mapema, watu wasije wakamwona na kumsifu. Ila ndoo aliisahau pale mlangoni kila wiki, nayo ilikuwa imeandikwa DOBI kwa rangi nyekundu.

Kutoa alikujua. Kupokea ndiko kulikomshinda. Alilelewa kwa mjomba wake, katika nyumba ambayo mtoto akila tonge, tonge hilo linasimuliwa mwaka mzima. Kiatu alichonunuliwa akiwa darasa la pili alikumbushwa mpaka alipoota ndevu. Mtoto aliyekulia kwenye masimango hujifunza kufunga mdomo na kufunga mkono. Siku alipopata pasi yake ya kwanza, aliapa kwamba hakuna binadamu atakayempa kitu kisha aje amtajie. Baadaye aliokoka, na kiapo kile kikavishwa nguo za Jumapili kikaitwa unyenyekevu. Hata mwenyewe hakukitambua tena.

Sasa alikuwa na binti mmoja, na binti aliolewa na mwenye bucha ya karibu na soko. Mkwe huyu alikuwa kijana mpana wa mabega, mpole wa maneno, aliyempoteza baba yake angali mdogo. Neno "baba" lilikuwa limemkaa mdomoni miaka yote bila mtu wa kupewa. Alipooa, akampa dobi neno hilo, na kwa kuwa neno tupu haliendi ugenini, akalisindikiza na nyama laini, kilo mbili zilizofungwa vizuri. Usijisumbue aliipokea kwa mikono miwili. Kijana hajakaa, mzee ameshaita jirani juu ya ua na kumkabidhi mzigo wote. "Wana watoto wengi wale," alisema, akirudi huku anajifuta mikono.

Mkwe akajaribu tena. Safari hii alikuja na mkokoteni, na juu ya mkokoteni kulikuwa na mashine ya kufulia, mpya, nyeupe, ikiwa bado na plastiki yake. Alikuwa ameona mgongo wa mzee unavyokataa kunyooka jioni. Usijisumbue aliizunguka mashine ile mara mbili, akaisifu, akamshukuru Mungu, na wiki hiyohiyo akaipeleka kanisani itolewe kwa mwenye uhitaji. Mwenye uhitaji hakupatikana, na kanisa halikuwa na bomba ndani. Akina mama wakaiweka karibu na mimbari, wakaifunika kitambaa cha kufuma, wakaweka maua juu. Jumapili mkwe aliingia ibadani akaiona zawadi yake imevaa kitambaa, kwaya inaimba mbele yake. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa wakwe zake.

Na kanisa lenyewe nalo wakati huo lilikuwa limepata wazimu wake.

Chanzo kilikuwa viti. Mbele palikuwa na viti vitatu vyenye mito, na wazee wa kanisa walikuwa wanne. Jumapili moja Fundi Saa, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa wazee, aliketi kwenye kiti kimoja na mzee mwenzake kwa wakati mmoja, kila mtu na nusu yake, wakasukumana kwa makalio ibada nzima huku wanaimba. Mchungaji, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliona haya mbele ya wageni. Akahubiri unyenyekevu mwezi mzima.

Mahubiri mengi huingia sikio hili yakatokea lile. Haya yaliingia yakajenga. Jumapili iliyofuata benchi la mbele lilikuwa tupu. Iliyofuata, mabenchi yote ya mbele. Watu walidamkia benchi la nyuma kama wanaowahi maji ya mgao, na waliolikosa walisimama nje madirishani, wakisema wao hata ndani hawastahili, huku wakiwatazama walio ndani kama watu wenye majivuno. Mchungaji akabeba mimbari kwa mikono yake akaihamishia mlangoni, ili nyuma pawe mbele. Waumini wakainuka kwa adabu, wakahamia upande wa pili. Akaacha.

Maombi nayo yakawa mashindano. Mmoja akisema, "Bwana, mimi ni mavumbi," wa pili anasema, "Mimi ni mavumbi ya mavumbi." Fundi Saa akawamaliza wote: "Bwana, mimi hayo mavumbi yakinigusa yanachafuka." Baada ya ibada chai ilimiminwa, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kuchukua kikombe cha kwanza, ilipoa mezani watu wameizunguka wanaambiana karibu, karibu wewe. Mchungaji akanywa peke yake, akasengenywa wiki nzima kwamba ana tamaa.

Kwa Usijisumbue huo ulikuwa msimu wa mavuno. Mambo aliyokuwa akiyafanya maisha yote bila kuonekana sasa yalikuwa na bei. Mpinzani wake alikuwa Fundi Saa tu. Wakikutana mlangoni mwa kanisa, huyu anasema tangulia mzee wangu, yule anasema hapana, utangulie wewe uliye bora, na kuna siku mahubiri yalianza na kwisha wao wako kizingitini, wameshikana mikono kwa upendo na kuvutana kwa nguvu. Mchungaji aliwaombea baraka wakiwa hapohapo.

Dawa ya moto ni moto, mchungaji akawaza. Akatangaza kwamba Jumamosi alasiri kutakuwa na ibada ya kuoshana miguu, kama Bwana mwenyewe alivyochukua taulo na maji akawaosha wanafunzi wake. "Kila mtu aje amejiandaa," alisema. Hakufafanua kujiandaa kwa lipi, na hapo ndipo alipokosea, kwa maana alikuwa akilijua kanisa lake.

Siku chache kabla ya ibada hiyo, binti alikuja nyumbani na mtoto kifuani. Hakuingia ndani. Alipita uani moja kwa moja, kwenye kamba za kuanikia, ambako mama yake alikuwa akitandaza shuka za nyumba ya wageni.

"Mama, tunahama," alisema. "Jumatatu. Amepata kazi kwenye machinjio makubwa, mji wa mbali. Kurudi huku si leo wala kesho."

Mama alishika shuka asiitundike. "Lakini mtakuja kuaga."

"Mume wangu anasema haagi mahali ambapo hajawahi kupokelewa. Na mimi sitakuja peke yangu na mtoto kana kwamba sina mume." Alimhamisha mtoto bega. "Baba apokee kitu kimoja kutoka mkononi mwake. Kimoja tu, mama, hata maji ya kunywa. Tutakuja, tutakula, tutalala hapa, mtoto atashikwa na babu yake, tutaondoka na baraka. Asipopokea, basi tena, tutaondoka hivyohivyo."

"Mwambie mwenyewe. Yuko hapo nyuma ya shuka."

"Najua yuko hapo. Naona viatu vyake."

Nyuma ya shuka Usijisumbue alikuwa amesimama kama mlingoti, mdomo umejaa vibanio vya nguo. Alitaka kusema kitu. Alipomaliza kutoa vibanio kimoja kimoja, binti ameshafika barabarani. Mzee aliumia sana. Mjukuu yule alikuwa amemshika mara moja tu, siku aliyozaliwa, na hata hiyo mara alimrudisha upesi ili asimsumbue mtu. Sasa mtoto angeota meno, angetembea, angejifunza kuita watu majina, na babu yake angebaki kuwa habari ya kusimuliwa.

Alikaa juu ya ndoo akafikiri mpaka sabuni ikakauka mikononi. Kisha akainuka na sura ya mtu aliyepata ufunuo.

"Nitamwosha miguu," alimwambia mkewe. "Jumamosi. Mbele ya kanisa lote. Nitapiga magoti mbele ya mkwe wangu. Atataka nijishushe kiasi gani tena?"

"Nani kasema ujishushe? Wamekuomba upokee."

"Ndiyo hiyo hiyo, mama. Unyenyekevu ni mmoja."

"Sio hiyo hiyo!" Mkewe alibamiza shuka kwenye kamba. "Wewe ukitoa, wewe ndiye mkubwa. Sisi wengine tumekaa chini ya bomba lako miaka yote hii, tumelowa, na hakuna anayeruhusiwa kukupa hata taulo. Wanasema kutoa ni moyo. Haya, na kupokea ni nini? Ni figo?"

"Usijisumbue, mama," alisema dobi, na akaenda kutafuta beseni.

Mkewe alimtazama jinsi anavyotazamwa mtu anayetwanga maji kwenye kinu.

Jumamosi ilipofika, soksi zake zilikuwa bado mbichi, kwa sababu nguo zake alizifua mwisho baada ya za wateja wote. Mkewe angezikausha kwa pasi kabla hujamaliza kupiga chafya, lakini kumwomba ilikuwa usumbufu. Kila dobi ana boksi la yatima, soksi zilizobaki bila pacha na bila mwenyewe, zinazoachwa pale hadi zisahaulike. Usijisumbue alitia mkono boksini akatoka na mbili: moja nyeusi, na moja ya kijani yenye mstari wa njano. Hazikufanana hata kwa tabia. Lakini nani angeziona? Yeye alikuwa anakwenda kuosha, si kuoshwa.

Beseni alilochagua lilikuwa lile la bati la kufulia mablanketi. Mtu mzima angeweza kulala ndani akikunja magoti kidogo. Alilibeba kichwani mtaa mzima, likamfunika hadi mabegani, na watu waliopishana naye walidhani ni beseni limeamua kwenda kanisani lenyewe.

Alipoingia, alikuta kanisa zima limepiga magoti. Kulikuwa na mabeseni ya plastiki ya kila rangi, masufuria, ndoo zilizokatwa, na mwanakwaya mmoja alikuwa na bakuli la mchuzi. Kila mtu alikuwa na taulo begani. Mabenchi yalikuwa yamepangwa vizuri kuwakalisha wa kuoshwa, na juu ya mabenchi hapakuwa na mtu.

"Wako wapi wanaooshwa?" aliuliza mchungaji.

Maji yalicheza kwenye mabeseni.

"Mwenyekiti, kaa kitini uoshwe."

"Mimi?" Fundi Saa aliweka mkono kifuani. "Mchungaji, mimi ni nani hata nioshwe? Niko hapa kwa ajili ya wenzangu."

Mchungaji akamgeukia mama mmoja, mama akasema hastahili. Akamgeukia mwanakwaya, naye akasema hastahili zaidi ya yule mama. Ikazunguka hivyo hadi ikarudi ilikoanzia. Mwishowe mchungaji akakaa mwenyewe na kunyoosha miguu. Lilikuwa kosa la pili. Kanisa zima lilimrukia kwa magoti. Aliyepata mguu alivuta, aliyekosa mguu alimvuta aliyepata, na mtumishi wa Mungu aliokolewa na mhudumu wa mlangoni akiwa amebakiwa na kiatu kimoja, suruali imelowa mpaka mapajani.

Usijisumbue hakuwamo kwenye vurugu hiyo. Macho yake yalikuwa kwenye benchi la katikati. Mkwe alikuwa amechelewa kufunga bucha, akaja na shati safi, mikono mitupu, akakaa kama watu walivyokuwa wakikaa zamani. Binti alikuwa amesimama karibu na mlango na mtoto, mkoba begani. Hakuwa ameamua kuingia.

Dobi, aliyekwisha kulitia beseni lake maji, alikwenda akiliburuza sakafuni, likipiga kelele ya kutosha kwa harusi. Akapiga magoti mbele ya kijana.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake ilitetemeka kweli, "leta miguu."

Mkwe alirudisha miguu chini ya benchi. "Hapana, baba."

"Nimekuja kukuosha. Mbele ya watu wote."

"Naona." Kijana alielekeza kidevu mbele, kwenye mashine iliyovaa kitambaa na maua. "Baba, hii miguu yangu ukishaiosha utampa nani?"

Hakuisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma dobi. Alibaki kwenye magoti yake, taulo mkononi. Aligeuka akamwona mkewe upande wa akina mama, amekunja mikono.

Hapo ndipo mchungaji alipopanda mimbarini na kiatu chake kimoja. "Haya!" alinguruma. "Nimewaelewa. Sasa sikilizeni. Wenye mabeseni wote mtaoshwa! Wasio na beseni ndio watakaoosha!"

Ndugu yangu, hujawahi kuona watu wanaomcha Mungu wakikana mali zao kwa kasi ile. Mabeseni yalitoka madirishani na maji yake, na kuku waliokuwa nje wakapiga kelele. Mengine yalisukumwa chini ya mabenchi. Mama mmoja alilikalia la kwake na kutandaza kitenge. Mwingine alilivaa kichwani, akasema ni kofia. Fundi Saa, mtu wa akili nyingi, alilifutika la kwake ndani ya mashine ya kufulia, akafunga kifuniko na kurudisha maua. Kufumba na kufumbua kanisa zima lilikuwa mikono mitupu, nyenyekevu, tayari kuosha.

Likabaki beseni moja. Usijisumbue alijaribu kulisukuma chini ya benchi, benchi likainuka. Alijaribu kulipindua, likamwaga nusu ya maji, akalikalia.

"Mzee," alisema mchungaji, "simama."

Alisimama. Beseni lilionekana na kila mtu.

"Ndiye huyu! Kaa kitini. Mhudumu, ongeza maji. Mzee ataoshwa."

"Usijisumbue, mchungaji, mimi..."

"Kaa!"

Dobi alikaa. Watu wakaja kama siafu, na mbele ya siafu wote alikuwa Fundi Saa, amekwishapiga magoti, amekwishafumba macho, uso umejaa utakatifu. Alishika kiatu cha kulia akakivua taratibu, ili watu waone. Akafumbua macho. Utakatifu ukamtoka.

"Hii soksi ni yangu!"

Kanisa likanyoosha shingo.

"Ya kijani! Ina mstari wa njano! Nimeitafuta nyumba nzima, nimegombana na mke wangu kwa ajili yake!" Aliivua kwa nguvu akainua juu, wote waione. "Dobi, umevaa soksi yangu!"

"Ilikuwa kwenye boksi," alisema Usijisumbue. "Hukuiulizia. Niliiazima tu..."

"Na hiyo nyeusi?" Mwanakwaya mwenye bakuli alisogea, akainamisha kichwa. "Hebu! Hiyo ya mume wangu. Naijua kwa hicho kiraka, nilikitia mimi." Akavua kiatu cha pili yeye mwenyewe, akaivuta soksi, akaikunja na kuitia ndani ya bakuli. Wengine wakaanza kuulizana nani alipoteza nini, lini, na kama kuna anayekumbuka foronya za maua. Wakamwacha dobi, wakatoka kwenda kwenye mwanga kuzichunguza soksi. Mtu akishaona haki yake, unyenyekevu humwisha. Na waliobaki ndani walicheka, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Katikati ya kicheko hicho alikaa mzee, miguu wazi mbele ya watu. Ilikuwa miguu ya mtu aliyesimama majini maisha yake yote: ngozi imekunjamana na kupauka kwa sabuni, visigino vimepasuka mipasuko ya kuingiza senti, ukucha mmoja umeota kwa kwenda zake. Alijaribu kuificha, mmoja nyuma ya mwingine, lakini miguu ni miwili na yote ilikuwa na aibu sawa.

Kujishusha alikuzoea. Alikuwa akijishusha kila siku, kwa ngazi aliyoichagua mwenyewe, na akifika chini anaangalia juu kuona nani ameona. Kushushwa ilikuwa habari nyingine kabisa. Huku hapakuwa na ngazi. Alitaka kuinuka, alibebe beseni, limfunike kichwa na mabega, aende nalo nyumbani asionekane tena. Akainua macho kutafuta njia ya mlango, na mlangoni akamwona binti yake. Hakuwa akicheka. Alikuwa akilia, na alikuwa akiurekebisha mkoba begani, jinsi afanyavyo mtu anayeondoka.

Kivuli kipana kikamfunika dobi. Mkwe alikuwa ameinuka kutoka benchi lake. Akapiga magoti sakafuni palipolowa, shati lake safi na yote, akakunja mikono ya shati.

"Usijisumbue, mwanangu," alisema dobi. Lilimtoka lenyewe, kabla hajajua.

Mkwe alisimamisha mikono hewani. Kisha akaanza kuishusha mikono ya shati lake, upande mmoja, halafu wa pili, akafunga kifungo. "Sawa, baba," alisema kwa upole uleule. Akaweka mkono kwenye benchi ili ainuke.

Wapo watu watakaokwambia kwamba kuinua mguu ni kazi ndogo. Usijisumbue aliwahi kukamua mablanketi ya hoteli nzima kwa siku moja, na anaapa hadi leo kwamba hayakuwa na uzito ule. Mguu wa kulia ulinyanyuka, ukavuka ukingo wa beseni, ukaingia majini. Wa kushoto ukafuata. Alikuwa akiangalia mapaja yake kama mtoto aliyekosa.

Mkwe alirudi magotini. Hakukunja tena mikono ya shati, aliizamisha hivyohivyo. Vidole vyake vilikuwa vya mtu anayejua mahali mfupa ulipo na mahali nyama inapouma, akaipita ile mipasuko taratibu, kisigino hiki, kisigino kile, akaosha katikati ya vidole mahali ambapo hakuna mtu aliyemgusa mzee yule tangu mama yake alipokufa. Kicheko kilikwisha chenyewe. Waliokuwa nje na soksi wakachungulia dirishani.

Dobi alikuwa amefumba macho, anangoja. Alikuwa akingoja lile neno la mjomba: unaona, nimekuosha, usije ukasahau. Halikuja. Kulikuwa na sauti ya maji tu, na pumzi ya kijana aliyeinama. Alingoja tena. Na kwa kuwa halikuja, akajikuta kwa mara ya kwanza ana nafasi ya kusikia jambo jingine, dogo, la kweli kabisa.

"Maji yana baridi," alisema.

Mkwe aliinua kichwa. "Baba?"

"Yana baridi, mwanangu." Maneno yaliyofuata hayakuwahi kupita kooni mwake, na yalipita yakikwaruza. "Niletee ya moto kidogo."

Upande wa akina mama, mkewe alitafuta benchi kwa mkono, akakaa. Mkwe alikuwa ameshasimama. Hakutembea, alikimbia, mabega yale yote yakipita katikati ya waumini kuelekea jikoni kwenye birika la chai, huku akiita "Maji ya baba! Maji ya baba ya moto!" kama mtu aliyepewa cheo.

Binti aliutua mkoba. Alipita katikati ya kanisa, akarukaruka madimbwi, akamweka mtoto mapajani mwa babu yake. "Mshike vizuri," alisema, akijifuta macho. "Hana shida, ila anavuta masikio."

Mtoto alivuta sikio. Mzee alikuwa analia waziwazi, machozi na kamasi, na mikono imejaa mjukuu, hawezi kujifuta. Mkewe akaja na taulo, akamfuta pua mbele ya watu wote, naye akatulia akafutwa.

Mchungaji alichechemea hadi pale na kiatu chake kimoja, akainama sikioni mwa dobi. Jua lilikuwa linashuka na watu walikuwa wamechoka. "Mzee," alinong'ona, "tuimbe wimbo wa kufunga, watu waende nyumbani?"

"Watasubiri kidogo, mchungaji," alisema dobi. "Maji yangu hayajaja."